John Okello: Jemadari Aliyeuangusha Ufalme Akakosa Kiti



Mwaka huu nimeona nisiandike juu ya ngeli wala nahau, maana hayo wenzangu wamekwisha kuyashughulikia vya kutosha. Nataka tuzungumze habari za kijana mmoja wa bara, asiye na elimu kubwa wala ukoo wa kujivunia, aliyevuka bahari mpaka Unguja na kuwaongoza watu usiku mmoja kukiangusha kiti cha sultani. Asubuhi yake dunia nzima ilikuwa ikiuliza: huyu ni nani? Miezi miwili baadaye hakuwa na cheo, hakuwa na jeshi, wala hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kisiwa kile. Jina lake ni John Okello. Tunapofika mada ya Zanzibar katika somo la Historia, mara nyingi yeye hupitwa kwa sentensi moja, kama basi linavyoipita stendi isiyo na abiria. Mimi nauliza: mtu anawezaje kuongoza mapinduzi yakafaulu, kisha yeye mwenyewe akakosa hata kigoda cha kukalia?

Kwanza tujue kilichoangushwa. Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, ilitawaliwa na masultani wa ukoo wa Busaidi uliotoka Omani. Seyyid Said ndiye aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka wa 1890 Waingereza wakaiweka nchi chini ya ulinzi wao. Sultani akabaki na kiti, bendera na mizinga ya heshima, lakini neno la mwisho likawa la Mwingereza. Sisi wa Kakamega jambo hilo si geni kwetu. Nabongo Mumia wa Wanga naye aliachiwa heshima zake huku amri zikitoka kwa ofisa wa Kizungu.

Uhuru ulipokaribia, vyama vikagombania nani ashike usukani. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Hebu fanya hesabu, utadhani kilishinda. Kumbe wapi! Kilipata viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoungana vilipata viti 18, kwa sababu kura za ASP zilirundikana katika majimbo machache huku wenzao wakishinda mengi kwa kura chache chache. Mohammed Shamte akawa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili tu kabla ya wetu Kenya, na Sultani Jamshid bin Abdullah akawa mkuu wa nchi mpya. Fikiria basi mchukuzi wa bandarini au mchuma karafuu aliyepiga kura upande wa walio wengi, akaambiwa ameshindwa, kisha akaona uhuru unakabidhiwa watu walewale aliowaona juu yake tangu utotoni. Serikali mpya ikazidisha chumvi kwenye kidonda. Iliwaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara, watu waliojua kutumia bunduki na waliojua vizuri mahali zinapofungiwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lililowamaliza.

Sasa tumlete Okello. Alizaliwa mwaka wa 1937 katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Wazazi walimfia akiwa mdogo, akaanza kuhangaika: kibarua hapa, kibarua pale, mara Uganda, mara Kenya. Alifanya kazi za ujenzi, akafika Mombasa, na mwaka wa 1959 akavuka kwenda Pemba. Huko aliingia siasa, hatimaye akawa upande wa ASP na kujishughulisha na vijana wa chama. Mwaka wa 1963 akahamia Unguja, akawa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wapaka rangi. Mengi ya haya tunayapata katika kitabu alichokiandika mwenyewe, kilichotolewa Nairobi mwaka wa 1967, nasi tukisome kwa tahadhari. Mpaka rangi akipewa brashi ajichore mwenyewe, hatajinyima rangi nzuri.

Okello alikuwa Mkristo katika visiwa ambavyo karibu watu wote ni Waislamu. Alisema kwamba Mungu alisema naye katika ndoto na kumwagiza awakomboe watu weusi. Kwa siri alikusanya vijana, wengi wao vibarua wa kutoka bara na polisi waliofukuzwa kazi, akawawekea masharti makali ya pombe, wanawake, na hata vyakula wasivyopaswa kula. Ukimsikiliza unaona ndani yake sajini wa gwaride na nabii wamekaa mwili mmoja.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, mambo yakawaka. Wale watu walikuwa mamia kadhaa tu, silaha zao mapanga, mikuki, pinde na mishale. Walivamia kambi ya polisi ya Ziwani na kituo cha Mtoni, mahali palipokuwa na ghala za silaha. Okello anasimulia kwamba yeye mwenyewe alipambana na askari wa zamu pale Ziwani mpaka akamnyang'anya bunduki. Ghala zilipofunguliwa, aliyekuja na panga akatoka na bunduki. Serikali haikuwa na jeshi lake, Waingereza hawakuja kuiokoa, na uhuru wa siku 33 ukawa umefikia mwisho. Sultani na jamaa zake wakakimbilia melini. Walipotaka kushuka Mombasa, serikali ya Kenya ikakataa. Wakapitia Dar es Salaam, kisha wakaenda Uingereza.

Wanachama wenzangu, hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Asubuhi ile waasi walikwisha kuiteka redio pale Raha Leo, mtaa wa Ng'ambo. Okello akaingia hewani akajitangaza kuwa Field Marshal. Hakuna chuo cha kijeshi kilichompa cheo hicho. Alijivika mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya maikrofoni. Akatoa amri za kutisha: huyu ajisalimishe, yule ajiue mwenyewe kabla hajafikiwa, asiyetii atakiona. Wakaazi wa mjini walikuwa wamejifungia ndani wakisikiliza, na waliosimulia baadaye hutaja kitu kimoja: matamshi. Sauti ile haikuwa ya Unguja. Ilikuwa Kiswahili cha bara.

Kumbukeni kwamba lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kabla ya mwaka wa 1930. Yaani mahali ambapo lugha hii huzungumzwa kwa madaha, salamu peke yake ikachukua robo saa, ndipo ilipotokea sauti kavu ya mtu wa mbali ikiamuru bila hata "tafadhali". Kwa wasikilizaji wale lafudhi ilisema zaidi ya maneno: mwenye nchi sasa ni mgeni. Sisi wa Khayega tunaochekwa kwa kusema "kari" badala ya "gari" tunajua jinsi mtu anavyopimwa kabla hajamaliza sentensi. Lakini kuchekwa ni jambo dogo. Okello hakuchekwa, aliogopwa, na woga ule ulipopungua, lafudhi ileile ikawa sababu ya kumwambia kwamba hapa si kwenu.

Tuligeuze kidogo na neno lenyewe. "Mapinduzi" latokana na kitenzi "pindua". Mama hupindua chapati kikaangoni, dhoruba hupindua mashua. Chapati ikipinduliwa, upande uliokuwa chini ukiungua huja juu, na uliokuwa juu hupelekwa motoni. Lakini kitenzi hicho hakisemi ni nani atakayeila. Ndiyo maana napenda tutofautishe mtu anayepindua na mtu anayetawala. Ni kazi mbili, na si kila aliye hodari wa ile ya kwanza huiweza ya pili.

Wapo walioziweza zote mbili, angalau kwa muda. Hebu tuvuke bahari nyingine, twende kisiwani kwingine ambako mwanamapinduzi hakutosheka na cheo cha jemadari. Katika visiwa vya Karibi iko nchi ya Haiti, iliyokuwa koloni la Wafaransa lenye mashamba ya miwa na watumwa waliotoka huku Afrika. Watumwa hao waliasi mwaka wa 1791, na tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ikatangazwa kuwa huru. Mmoja wa majenerali wa vita hivyo alikuwa Henri Christophe, aliyezaliwa mwaka wa 1767. Kiongozi wa kwanza wa nchi, Dessalines, alijifanya mfalme wa wafalme, na mwaka wa 1806 akauawa. Nchi ikagawanyika. Christophe akashika kaskazini, Pétion akashika kusini. Mwaka wa 1811 Christophe akatangazwa mfalme, akatawazwa kwa taji na mafuta ya baraka, akagawa vyeo kwa watu wake mpaka nchi ikajaa watu wa heshima walioitwa kwa majina ya kizungu ya kikabaila. Alijenga kasri la Sans-Souci na ile ngome kubwa ya mawe, Citadelle, juu ya mlima, ambayo ipo hadi leo na iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1982. Alifungua shule pia. Lakini mawe yale yalibebwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi, watu walioambiwa kuwa wamekwisha kuwa huru. Alipopooza mwaka wa 1820, askari wake mwenyewe wakamwasi, naye akajiua kwa bastola mwezi wa Oktoba. Ufalme ukaisha, kaskazini ikaungana na kusini.

Basi tukimweka Okello kando ya Christophe tunaona nini? Wote wawili walizaliwa kwingine (inasemekana Christophe alizaliwa Grenada), na wote walitoka katika tabaka la chini wakafika kisiwa ambacho mwanzoni hakikuwajua. Wote walipenda vyeo. Lakini Christophe alipojivika taji alikuwa amepigana vita miaka mingi pamoja na askari waliomjua kwa jina na kwa sura. Alikuwa na kikosi, na ngome, na ushuru wa bandari. Okello alikuwa na usiku mmoja, redio, na kundi la vijana wenye bunduki za kuteka. Cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko kitu chochote kilichokuwa nyuma yake.

Tena Okello hakutaka kuwa mfalme. Hili wengi hulisahau. Ni yeye aliyetangaza redioni kwamba rais atakuwa Sheikh Abeid Amani Karume, kiongozi wa ASP. Wengine wanasema alifanya hivyo kwa unyenyekevu. Mimi naona alifanya kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Karume alijulikana kila kijiji, aliwahi kuwa baharia, alikuwa na chama chenye matawi na wanachama waliompigia kura kwa maelfu. Okello angesimama barazani Unguja au Pemba aseme "nitawaleni", nani angemjibu? Karume akarejea kutoka Dar es Salaam akawa Rais. Pamoja naye walikuja Abdulla Kassim Hanga na Abdulrahman Mohamed Babu, wa chama cha Umma kilichokuwa kimepigwa marufuku siku chache tu kabla ya mapinduzi. Baraza la Mapinduzi likaundwa, na hao wote walikuwa watu wa kalamu, wa mikutano, wa kusafiri nchi za nje. Katikati yao akawapo Okello na bunduki zake.

Hapa Khayega hakuna asiyewahi kuona fahali wakipambanishwa, isukuti zikilia na vumbi likipaa. Kila mtu hapa anaijua methali ya fahali wawili na zizi moja, na hatuhitaji kuisoma kitabuni. Lakini angalieni vizuri: fahali anayeshinda si lazima awe mwenye pembe kali. Mara nyingi ni yule aliye kwao, anayeijua ardhi, aliyezungukwa na watu wanaomshangilia kwa jina. Okello alikuwa na pembe. Karume alikuwa na uwanja.

Na tusifiche damu. Katika siku zilizofuata mapinduzi watu wengi sana waliuawa, hasa Waarabu na pia Wahindi. Maduka na nyumba zikaporwa, wanawake wakadhulumiwa, familia zikatiwa vizuizini au zikapakiwa majahazini kwenda kusikojulikana. Hesabu zinatofautiana mno, lakini wanaozungumza habari ya maelfu hawatii chumvi. Waliokufa wengi hawakuwa mabwana wa mashamba. Walikuwa wenye viduka, wakulima wadogo, watoto. Najua wapo wenzangu wanaosema darasani kwamba mapinduzi hayana adabu, na kwamba Okello alilipiza kisasi cha utumwa. Siwezi kukubali. Mtoto wa mwenye duka wa mwaka wa 1964 hakumuuza mtu. Na sauti ile ya redio iliyotoa vitisho kila siku haiwezi kunawa mikono ikasema haikuhusika. Okello alikuwa mkombozi kwa wengine na jinamizi kwa wengine, na mwandishi anayeacha nusu moja anadanganya kwa kunyamaza.

Wakati huohuo majirani walikuwa wameshtuka. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika waliasi, kisha wale wa Uganda, na tarehe 24 wale wa Kenya kule Lanet, Nakuru. Si kwamba Okello aliwatuma, la. Lakini kila kiongozi wa eneo hili aliona kumbe serikali changa yaweza kuangushwa na watu wachache kabla ya chai ya asubuhi. Nani basi angependa kuwa na Field Marshal wa kujitangaza mlangoni pake? Nyerere alipeleka polisi Unguja kusaidia kutuliza hali. Polepole vijana wa Okello, waliokuwa wakirandaranda na kupora, wakanyang'anywa silaha. Mwezi wa Machi 1964 Okello, aliyekuwa amesafiri kwenda bara, alipotaka kurudi Zanzibar alikataliwa. Hapakupigwa risasi wala hapakufanyika kesi. Mlango ulifungwa tu, naye akabaki nje. Akaondolewa Tanganyika, akaja Kenya, na mwishowe akarudi Uganda bila kitu. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na nchi hiyo ndiyo tunayoiita Tanzania.

Kuna ubishi ambao walimu wetu wa Historia wanaujua vizuri. Katika masimulizi rasmi ya Zanzibar, mapinduzi yalipangwa na kuongozwa na Karume pamoja na kamati ya wanachama wa ASP, na Okello alikuwa mtumishi aliyepewa kazi ya kusema redioni, labda kwa sababu sauti yake ilitisha. Katika kitabu chake Okello, kila kitu kimefanywa na Okello. Waandishi wengine wanasema kulikuwa na mipango zaidi ya mmoja, vijana wa ASP na wale wa Umma kila mmoja na wake, kisha wa Okello ukatangulia. Mimi huu wa mwisho naona una mashiko. Tazama tu: mtu wa kutumwa redioni hahitaji kuwa na kikosi cha kunyang'anywa silaha, na mtu aliyefanya kila kitu peke yake hafukuzwi kirahisi namna ile. Ukipewa maelezo mawili ya tukio moja, usikimbilie kuuliza nani mwongo. Uliza kwanza kila mmoja alikuwa na haja gani ya kusimulia vile. Aliyebaki kitini alihitaji mapinduzi yawe ya wenyeji. Aliyefukuzwa hakuwa na mali nyingine isipokuwa hadithi yake.

Miaka iliyofuata Okello aliishi kwa shida. Mwaka wa 1971, baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Obote, alionekana Uganda pamoja na Amin. Baada ya hapo hakuonekana tena. Wengi huamini kwamba Amin ndiye aliyemwua, na kaburi lake halijulikani. Amin naye, mwaka wa 1975, akajipa cheo cha Field Marshal.

Karume aliuawa kwa risasi Unguja tarehe 7 Aprili 1972. Hanga alikuwa amekwisha kuuawa kabla yake, na Babu alikaa gerezani miaka kadhaa. Aliyeishi kuliko wote ni yule aliyepinduliwa. Sultani Jamshid alikaa Uingereza zaidi ya miaka hamsini, katika mji wa Portsmouth, akaruhusiwa kurudi Omani mwaka wa 2020, akafariki dunia Muscat mwishoni mwa mwaka wa 2024, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini.